Norman Goss: Mvumbuzi aliyezipanga fuwele za chuma cha transfoma

MNAMO Julai 3, 1934, serikali ya Marekani ilimpa mtafiti wa metali, Norman P. Goss, hataza nambari 1,965,559. Hataza ni kibali cha kisheria kinachomlinda mvumbuzi ili kazi yake isitumiwe na wengine pasi na idhini. Uvumbuzi wenyewe ulihusu namna ya kutengeneza mabamba membamba ya feleji, yale yanayopangwa moja juu ya jingine ili kuunda kiini cha transfoma.

Ukiisikia njia ya Goss waweza kuidharau. Chuma kikandamizwe kikiwa baridi, kichomwe, kikandamizwe tena, kisha kichomwe kwa mara nyingine. Hayo ndiyo yote. Hata hivyo, hatua hizo zilibadilisha umbile la chuma kwa ndani kiasi kwamba umeme unaopotea katika transfoma ulipungua sana, na hadi leo viwanda vinavyotengeneza feleji ya aina hiyo vinafuata njia iliyochipuka kutokana na kazi yake.

Edison na Tesla wanajulikana hata na watoto wa shule. Goss hajulikani ila na wahandisi, nao humtaja wanapozungumzia fuwele zilizojipanga kwa mtindo fulani, mtindo wanaouita mpangilio wa Goss. Alikuwa mwenyeji wa jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, na alihitimu mwaka 1925 katika chuo cha Case cha huko huko Cleveland, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Case Western Reserve. Alifariki mwaka 1977.

CHUMA KISICHOLALA

Ili kuielewa kazi ya Goss, yafaa msomaji aijue kwanza transfoma. Lile tangi la chuma unaloliona juu ya nguzo za stima lina koili za nyaya zilizozungushiwa kiini cha feleji. Koili moja hupokea umeme wa nguvu kubwa, tuseme volti 11,000. Nyingine hutoa umeme ulioshushwa hadi volti 415 au 240, unaofaa kutumiwa viwandani na nyumbani. Koili hizo hazigusani kamwe. Kinachovusha nishati kutoka kwa moja hadi kwa nyingine ni usumaku unaopita katika kiini, kwa kanuni ambayo Michael Faraday aliigundua jijini London mwaka 1831.

Wanaovunja transfoma hukimbilia mafuta na nyaya za shaba. Sisi wengine nasi, tukiizungumzia transfoma, huzungumzia hayo hayo mafuta na shaba, kana kwamba kiini ni kipande cha chuma tu kilichowekwa mle ndani kuzishikilia koili.

Umeme wa gridi ya Kenya hukamilisha mizunguko 50 kila sekunde. Maana yake ni kwamba chuma cha kiini husumakishwa upande huu, kikageuzwa upande ule, kisha kikarudishwa kilikotoka, mara 50 kwa sekunde moja, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Ule mvumo unaousikia ukisimama karibu na transfoma hutokana na mabamba ya kiini yanayobadilika urefu kwa kiasi kidogo mno, mara 100 kwa sekunde, kila usumaku unapopanda na kushuka.

Kazi hiyo haifanyiki bila gharama, na gharama zenyewe ni za namna mbili. Ya kwanza ni ukaidi wa chuma. Ndani ya chuma mna maeneo madogo madogo, kila moja likiwa kama sumaku ndogo, na maeneo hayo hayakubali kugeuzwa bila kushurutishwa. Nishati inayotumika kuyashurutisha hugeuka joto na kupotea. Ya pili ni mikondo ya umeme inayozuka ndani ya chuma chenyewe. Usumaku unaobadilika huamsha umeme katika kila kitu kinachopitisha umeme kilicho karibu, na kiini kikiwamo. Mikondo hiyo huzunguka zunguka ndani ya chuma mithili ya maji yaliyokosa pa kutokea, haifanyi kazi yoyote, na mwisho wake ni joto vilevile.

Hasara hii ina sifa moja mbaya: haijali kama kuna mtu anayetumia umeme au la. Kijiji kizima kikizima taa usiku wa manane, transfoma yake ingali inakigeuza geuza kiini chake. Hebu tupige hesabu. Chukua transfoma ambayo kiini chake hupoteza wati 200. Mwaka una saa 8,760, kwa hivyo hasara ya mwaka ni uniti 1,752. Transfoma 10,000 za namna hiyo zitapoteza uniti zaidi ya milioni 17.5 kwa mwaka mmoja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa kwa pesa za mteja, kwa kuwa hapa Kenya sehemu ya umeme unaopotea njiani huhesabiwa katika bei anayotozwa.

Isitoshe, umeme haupiti katika transfoma moja tu. Ule unaozalishwa kwa mvuke wa Olkaria hupandishwa nguvu ukiondoka kituoni ili usafiri mbali, kisha hushushwa kwa awamu, transfoma baada ya transfoma, kabla ya kuwasha balbu mtaani. Katika kila kituo, chuma hutoza ushuru wake.

SILIKONI YA SHEFFIELD

Goss hakuanza safari hii. Transfoma zilipoanza kutumika kwa biashara miaka ya 1880, viini vyake vilitengenezwa kwa chuma laini cha kawaida, kilichokatwa katika mabamba membamba na kutenganishwa kwa karatasi au vanishi. Wahandisi walikuwa wameng'amua mapema kwamba pande moja nene la chuma huachia mikondo ya ndani nafasi kubwa ya kuzunguka, ilhali bamba jembamba huibana. Lakini ukaidi wa chuma haukupata dawa. Aidha, kulikuwa na tatizo lililowakera sana wenye mitambo: chuma kilizeeka. Transfoma iliyofanya kazi vizuri ikiwa mpya ilizidi kupoteza umeme kadiri miezi ilivyopita, na ilipopata moto zaidi ndivyo ilivyoharibika upesi.

Ufumbuzi ulitoka kwa Robert Hadfield, mwenye kiwanda cha chuma mjini Sheffield, Uingereza. Hadfield, aliyezaliwa mwaka 1858, alikuwa amekwisha kujipatia jina mwaka 1882 kwa kuvumbua feleji ya manganizi, ngumu kupindukia, ambayo baadaye ilitumiwa kutengenezea njia panda za reli na kofia za vita za wanajeshi wa Uingereza. Mtu huyu alikuwa na mazoea mema ya kuchanganya chuma na kila elementi aliyoweza kuipata, na kuandika matokeo hata pale ambapo hakuona faida yoyote. Miongoni mwa michanganyiko hiyo ilikuwamo ya chuma na silikoni, elementi inayopatikana kwa wingi katika mchanga. Mwanzoni hakuiona kuwa na manufaa makubwa.

Sampuli zake zilifika Dublin, Ireland, kwa Profesa William Barrett na mwenzake W. Brown, waliozipima kwa upande wa umeme na usumaku. Mwaka 1900 watatu hao walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Feleji yenye silikoni ya takriban asilimia 2.5 ilisumakishwa kwa wepesi kuliko hata chuma safi kabisa walichoweza kukipata. Hapo kabla, wataalamu waliamini kuwa kukitia chuma kitu kingine ni kukiharibia usumaku wake.

Silikoni ilifanya mema matatu kwa mpigo. Ilipunguza ukaidi wa chuma. Ilikomesha ule uzee. Tena iliongeza ukinzani dhidi ya umeme: feleji yenye silikoni asilimia 3 ina ukinzani unaozidi ule wa chuma safi zaidi ya mara nne, na ukinzani ukiongezeka, mikondo ya ndani hufifia. Kufikia mwaka 1903 feleji ya silikoni ilikuwa ikitengenezwa Ujerumani na Marekani kwa matumizi ya umeme. Hadfield mwenyewe alipewa cheo cha Sir mwaka 1908 na akafariki mwaka 1940. Mahali palipokuwa na mojawapo ya viwanda vyake vikubwa Sheffield sasa pana jumba la maduka la Meadowhall, lililofunguliwa mwaka 1990.

Lakini dawa hii ina kipimo chake. Silikoni ikizidi kiasi cha asilimia 4 au 5, feleji huvunjika kama kigae na haiwezi kukandamizwa kuwa bamba. Kwa hivyo, kwa takriban miaka 30 viwanda vilikwama hapo: vilisafisha chuma zaidi, vikapunguza unene wa mabamba, na kupata nafuu kidogo kidogo.

FUWELE NA NJIA YAKE RAHISI

Fununu ya hatua iliyofuata ilitoka Japani. Mwaka 1926 Kotaro Honda na Seiji Kaya wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, walichukua fuwele moja moja za chuma, wakazisumakisha kutoka pande mbalimbali. Maoni yetu ni kwamba majina haya mawili hayatajwi kadiri yanavyostahili.

Chuma, kama chumvi na sukari, ni fuwele. Kipande chochote cha chuma ni mkusanyiko wa fuwele nyingi ndogo zilizoshikana. Ndani ya kila fuwele atomi zimejipanga kwa mtindo wa dadu, yaani umbo lenye nyuso sita zilizo sawa, atomi moja katika kila pembe na moja katikati. Honda na Kaya waligundua kwamba fuwele hiyo haisumakishwi kwa wepesi ule ule kutoka kila upande. Ukiielekeza sumaku sambamba na ukingo wa dadu, fuwele husumakishwa kwa nguvu ndogo sana. Ukiielekeza kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mkabala nayo, kupitia katikati ya dadu, fuwele hukaidi kuliko upande mwingine wowote.

Sasa fikiria bamba la feleji la wakati huo. Lilikandamizwa likiwa jekundu kwa moto, na fuwele zake zilielekea huku na kule kama dadu zilizomwagwa sakafuni. Usumaku ulipopita katika bamba hilo, ulikutana na fuwele moja iliyo tayari kuupokea, ya pili iliyokaa mshazari, na ya tatu iliyokaidi kabisa. Lau fuwele zote zingegeuzwa zikaelekea upande mmoja, upande ule rahisi, hasara ingepungua bila kuongeza hata chembe ya silikoni. Wazo lenyewe halikuwa gumu kulifikiria. Kizungumkuti kilikuwa hiki: ni nani awezaye kuingia ndani ya chuma kigumu akazipange upya fuwele zisizohesabika?

KIKANDAMIZE KIKIWA BARIDI

Tangu jadi mhunzi hufua chuma kingali moto. Katika miaka ya 1920 viwanda vya Marekani vilianza kukiuka mazoea hayo kwa kiwango kikubwa. Mashine mpya zenye rola za nguvu ziliweza kukandamiza utepe mrefu wa chuma baridi hadi ukawa mwembamba na laini kama karatasi. Kampuni mojawapo iliyomiliki teknolojia hiyo ni Cold Metal Process ya Youngstown, Ohio, iliyojengwa juu ya uvumbuzi wa Abram Steckel. Goss alikuwa mtafiti wao, na hataza yake aliisajili kwa faida ya kampuni hiyo. Maombi yake yaliwasilishwa Agosti 7, 1933.

Goss alianza na utepe wa feleji yenye silikoni ya takriban asilimia 3, uliokwisha kukandamizwa ukiwa moto. Akaupitisha kati ya rola ukiwa baridi mpaka unene wake ukapungua sana. Kwa kuwa chuma kilichokandamizwa baridi huwa kigumu na chenye kuvunjika, akautia tanurini ili ulainike. Kisha akaukandamiza baridi kwa mara ya pili hadi kufikia unene alioutaka, akauchoma tena kwa joto kali zaidi.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Bamba liliposumakishwa sambamba na mwelekeo lilimopitia katika rola, lilipokea usumaku mwingi kwa nguvu kidogo, kuliko feleji yoyote ya silikoni iliyokuwa sokoni. Liliposumakishwa kwa kukingamishwa, ubora huo ulitoweka. Bamba lilikuwa limepata upande wake wa kupendelea, kama ubao unaopasuka kirahisi ukifuata nyuzi zake na kugoma ukiukata kinyume.

Mwaka 1935 Goss alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu feleji hiyo. Jambo la kuvutia ni kwamba alitia mkazo kwenye udogo wa fuwele zake, akieleza kwamba bamba lenye fuwele ndogo ndogo lilikaribia tabia za fuwele moja. Mwaka huo huo Richard Bozorth, mwanafizikia wa maabara za kampuni ya simu ya Bell, aliichunguza feleji ya aina hiyo kwa eksirei, miale inayoweza kuonyesha jinsi atomi zilivyojipanga. Ndipo ukweli ulipodhihirika. Fuwele zilikuwa zimejipanga, na kingo za zile dadu zilikuwa zimeelekea kule kule bamba lilikopitishiwa. Baadaye ilibainika pia kuwa feleji iliyo bora zaidi ya aina hii si ile yenye fuwele ndogo, bali ni ile ambayo fuwele zake zimekua hadi kufikia upana wa milimita kadhaa, au hata sentimita nzima, zikaonekana kwa macho bamba likiondolewa ganda lake la juu.

Hilo halimpunguzii Goss sifa. Mpishi anaweza kuivisha mkate mzuri asijue chachu ni viumbe hai.

Mpangilio wenyewe ni rahisi kuupiga picha akilini. Dadu zetu hazikulalia tumbo juu ya bamba, bali zimesimama kwa ukingo, mithili ya paa la nyumba lenye miteremko miwili. Mgongo wa paa ndio ule ukingo rahisi wa kusumakishwa. Sasa jaza uwanja mzima mapaa kama hayo, migongo yote ikielekea upande mmoja, yaani upande bamba lilikopitishiwa katika rola. Hapo una mpangilio wa Goss.

TANURINI KWA SIKU KADHAA

Kampuni ya Armco ya Middletown, Ohio, ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuigeuza kazi ya maabara kuwa bidhaa ya kiwandani. Njia iliyokomaa kwa miongo iliyofuata ni ndefu na yenye kuhitaji subira. Bonge la feleji huchomwa hadi karibu nyuzijoto 1,400 za Selsiasi na kukandamizwa likiwa moto hadi unene wa kama milimita 2. Huja kukandamizwa baridi, kulainishwa kwa moto, na kukandamizwa tena hadi milimita 0.35, 0.30, au pungufu ya hapo. Kisha utepe hupitishwa katika gesi ya haidrojeni yenye unyevu kwenye joto la nyuzi 800 hivi, ili kaboni iondoke. Kaboni haina budi kupungua hadi chini ya sehemu 30 katika milioni, kwani ikibaki ndiyo huleta ule uzee wa kale.

Baadaye utepe hupakwa unga wa oksidi ya magnesiamu, hukunjwa katika robota kubwa, na kutiwa tanurini kwa siku kadhaa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi. Unga huo huzuia matabaka ya robota yasigandamane. Si hayo tu: huungana na silikoni iliyo juu ya bamba na kuwa ganda jembamba kama kioo, linalozuia umeme usiruke kutoka bamba hadi bamba. Bamba likipoa, ganda hilo hulivuta kutoka pande zote, na mvuto huo nao hupunguza hasara. Ni nadra kitu kilichowekwa kuzuia kunata kikaleta faida tatu.

Katika siku hizo za tanurini ndipo miujiza hutendeka. Mwanzoni bamba lina fuwele ndogo ndogo tele, zilizoelekea pande mbalimbali, na zile zenye mkao wa Goss ni chache mno. Joto likipanda, hizo chache huanza kukua zikiwameza majirani zao, hadi mwishowe hakuna kilichosalia ila zenyewe na kizazi chao.

Kwa nini majirani nao wasikue? Jibu la sehemu ya swali hilo lilipatikana mwaka 1958, kwa John May na David Turnbull wa maabara ya utafiti ya General Electric. Walionyesha kuwa ndani ya feleji mna chembechembe za manganizi zilizoungana na salfa. Chembe hizo huzuia mipaka ya fuwele isisogee, kama changarawe chini ya mlango. Fuwele za kawaida hukwama. Joto likifika kiwango fulani chembe huanza kuyeyuka, na fuwele za Goss ndizo hutangulia kufunguka. Manganizi na salfa zilikuwamo katika feleji ya miaka ya 1930 kama uchafu tu. Goss hakuziweka, wala hakujua zinamsaidia. Laiti angelipewa chuma safi kupita kiasi, huenda jaribio lake lisingelifaulu.

WAJAPANI NA SIRI ILIYOPELEKWA KORTINI

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia uongozi katika tasnia hii ulianza kuhamia Japani. Watafiti wa kampuni ya Yawata, wakiongozwa na Satoru Taguchi na Akira Sakakura, walitumia chembe za aina nyingine, za aluminiamu na naitrojeni, pamoja na zile za manganizi na salfa. Chembe hizo zilizuia kwa nguvu zaidi, hivyo fuwele zilizofanikiwa kukua zilikuwa zile tu zilizojipanga sawasawa mno. Katika feleji ya kawaida ya Goss, fuwele hukengeuka kutoka mwelekeo kamili kwa wastani wa nyuzi 7 hivi. Katika feleji ya Yawata ukengeufu ulipungua hadi nyuzi 3 hivi. Aidha, hatua mbili za kukandamiza baridi ziliweza kufupishwa zikawa moja. Bidhaa hiyo, iliyopewa jina la Hi-B, ilianza kuuzwa mwaka 1968. Miaka miwili baadaye Yawata iliungana na Fuji na kuwa Nippon Steel.

Katika miaka ya 1980 mabamba yalianza kuchorwa mistari kwa miale ya leza, ili yale maeneo ya usumaku yagawanyike na kugeuka kwa wepesi. Chuma cha miaka ya 1880 kilipoteza wati kadhaa kwa kila kilo. Mabamba bora ya sasa, yenye unene wa milimita 0.23, hupoteza chini ya wati moja kwa kilo, tena yakibeba usumaku mwingi kuliko ule wa kale.

Thamani ya ujuzi huu ilidhihirika mahakamani. Mwaka 2012 Nippon Steel iliishtaki kampuni ya POSCO ya Korea Kusini, ikidai kwamba siri zake za kutengeneza feleji hii zilichukuliwa kupitia kwa watu waliowahi kuifanyia kazi. Fununu ya shtaka hilo ilikuwa imetokea katika kesi nyingine huko Korea, ambapo mtu aliyewahi kuwa mfanyakazi wa POSCO alishtakiwa kwa kuuzia kampuni ya Uchina siri hizo hizo. Mzozo wa kampuni hizo mbili ulimalizwa kwa maafikiano Septemba 2015, POSCO ikikubali kulipa yeni bilioni 30. Si pesa kidogo kwa ujuzi ambao, ukiutazama kijuujuu, ni wa kukandamiza na kuchoma.

Hadi sasa ni nchi chache tu zinazoweza kutengeneza feleji hii, miongoni mwazo Japani, Uchina, Korea Kusini, Urusi na Ujerumani. Marekani, ilikozaliwa, imebakia na mtengenezaji mmoja. Armco iligeuka AK Steel, nayo AK Steel ikanunuliwa mwaka 2020 na Cleveland-Cliffs, kampuni yenye makao yake katika jiji lile lile la Goss.

Ieleweke kwamba uvumbuzi huu haukumwondoa Hadfield kazini. Katika mota na jenereta usumaku huzunguka, hauna mwelekeo mmoja, kwa hivyo bamba lenye upande wa kupendelea halifai. Mota ya pampu ya maji, ya friji na hata ya gari la umeme hutumia feleji ya silikoni isiyopangwa. Hata katika transfoma, fundi hana budi kukata mabamba kwa kufuata mwelekeo wa rola, na penye kona huyaunganisha kwa mshazari wa nyuzi 45 ili usumaku usilazimike kwenda kinyume. Mpinzani mwingine ni metali isiyo na fuwele kabisa, inayopozwa ghafla mno hata atomi zake zisipate wasaa wa kujipanga. Viini vyake hupoteza umeme kidogo zaidi, lakini hubeba usumaku pungufu na hivyo huwa vikubwa. Hutumiwa zaidi katika transfoma ndogo za mitaani, ilhali zile kubwa za vituoni zimebaki mikononi mwa Goss.

Swali moja lingali wazi. Chembe za manganizi na salfa zaeleza kwa nini fuwele za kawaida hukwama. Hazielezi kikamilifu kwa nini ni zile za Goss, chache hivyo na zisizo kubwa kuliko nyingine mwanzoni, ndizo hutangulia kufunguka. Wapo wataalamu wanaosema mipaka yake na majirani ina mpangilio wa pekee unaoiwezesha kusogea mapema. Wengine wanadai mipaka hiyo ina nishati nyingi kuliko mingine, na hiyo ndiyo huisukuma. Makala za kutetea pande zote mbili zimechapishwa kwa miongo kadhaa, na mjadala ungali unaendelea.